Bunduki Alizozikosa Katekista

Nimeanza kuandika haya Jumapili, saa kumi kasoro robo alasiri, nikiwa nimekaa juu ya gunia la mpunga ukumbini kwetu Kibaoni, Ifakara, miguu yangu bado ina vumbi la lori. Mama amesema nikaoge kwanza. Nimemwambia naja. Nataka kuandika habari za Katekista kabla sijaanza kuzipamba, maana leo nimemwona amepakata kitu alichokitamani tangu mimi sijazaliwa, na alichokisema juu yake sicho nilichokitegemea.

Katekista ndivyo anavyoitwa na kila mtu hapa, ingawa aliacha kufundisha dini macho yalipoanza kuingia ukungu. Alimfundisha mama, akanifundisha na mimi. Nyumba yake inatazamana na yetu. Mkewe alifariki, watoto wake wako mbali kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo nikiwa likizo mimi ndiye ninayempelekea chakula cha jioni. Napenda kazi hiyo. Mimi ni mtu wa haya, mgeni akija hujificha jikoni, lakini kwa Katekista sina haja ya kutafuta maneno. Namwambia shikamoo babu, ananiitikia marahaba mjukuu wangu, kisha anasema yeye kwa niaba yetu sote wawili mpaka wali unapoa.

Anasema juu ya bunduki za upepo.

Chumba chake cha ndani kina kitanda, msalaba, na bunduki hizo zimepangwa ukutani juu ya vigingi. Si bunduki za kuulia tembo. Hazina baruti. Ndani yake mna springi. Unaikunja bunduki au unavuta mshikio wake, springi inajikaza, ukifyatua inasukuma upepo, na upepo unasukuma kipunje cha risasi kidogo kama punje ya mtama. Nyingine zililetwa wakati wa Mdachi, nyingine na walowezi waliokuja baadaye wakaondoka. Kila Jumamosi anazishusha moja moja, anazipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, anazipandisha. Mama anasema nyumba ile inanuka kama duka la fundi nguo.

Sijawahi kumwona akipiga hata njiwa. Mpunga ukianza kukomaa na kweleakwelea wakashuka mabondeni kama moshi, majirani humwomba aende na bunduki moja akae nao kwenye dungu la kuamia ndege. Hukataa. Huwaambia hizi zimekwisha kufanya kazi yao, zimestaafu kama yeye. Hapo watu humwita mchoyo, na kweli huonekana mchoyo, mpaka umwone msimu huohuo akienda kukaa dunguni bila bunduki, akipiga debe kwa jiti kutwa nzima juani kwa ajili ya shamba la mtu mwingine.

Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba bunduki zilizoko ukutani si hasa anazozipenda. Ukiisifu mojawapo, hujibu, "Hiyo? Hiyo ilikuja yenyewe." Kisha macho yake huenda pembeni na kuanza kusimulia moja ambayo haipo. Zile alizozikosa anazijua kuliko alizo nazo. Anajua alama ya moto iliyokuwa kwenye kitako cha moja, anajua sauti ya nyingine ilivyokuwa ukiikunja. Huziita marehemu. "Yule marehemu wa dukani," atasema, na asiyemjua atadhani anamlilia mwenye duka.

Marehemu wa dukani alikufa wakati wa Kwaresima. Mwenye duka mmoja wa hapa mjini alikuwa anasafisha stoo, akatoa bunduki fupi yenye pambo la shaba, akamwita Katekista makusudi ampe yeye kwanza. Kumbe mwaka ule Katekista alikuwa amewaambia wanafunzi wake kila mmoja ajinyime anachokipenda hadi Pasaka, na yeye, ili awe mfano, akatangaza mbele yao kwamba hatagusa bunduki mpya. Akamwambia mwenye duka amwekee. Mwenye duka akasema sawa, na nadhani alimaanisha sawa, lakini wiki ya mateso akapita mnunuzi wa ngozi, akaiona kaunta, akaondoka nayo.

"Ulimtolea Mungu sadaka, babu," nilimwambia mara moja, nikidhani namfariji.

"Nilimtolea. Lakini sikumtolea kwa moyo mmoja, mjukuu wangu. Nilimkopesha hadi Pasaka."

Anaye mwenziwe katika ugonjwa huu, dresa wa hospitali ya misheni, mtani wake. Dresa naye anakusanya, ana chache kuliko Katekista, ila anaringa zaidi. Jumamosi jioni hukaa kibarazani kwa Katekista, na mtu akipita atafikiri wanashindana kwa mali. Wanashindana kwa hasara.

"Wewe umekosa nini?" Katekista alimwambia siku moja nikiwa nachota maji ya kunawa. "Umekosa za juzijuzi. Mimi nimekosa za Mdachi."

"Ulizikosa kwa ujinga, mtani. Mimi zangu nilizikosa kwa bahati mbaya. Havilingani."

"Havilingani, ndiyo. Cha ujinga ndicho kinachouma. Kwa hiyo nimekushinda."

Dresa alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwambia asimulie ule mkasa wa mwavuli, nami nikajifanya birika halijajaa ili nisikie tena.

Bruda mmoja fundi wa misheni alikuwa anarudi kwao Ulaya, mzee, asirudi tena. Siku ya kufunga mizigo alimwita Katekista chumbani kwake. Akamwambia, umenifanyia kazi vizuri, tazama humu ndani, chagua kitu chochote unachokitaka, ni chako. Na ukutani, mbele ya macho yao wote wawili, ilikuwa imetundikwa bunduki ya upepo yenye mshikio mrefu chini ya mtutu, ambayo Katekista alikuwa akiitazama kila alipompelekea funguo za karakana, miaka na miaka.

"Nawe ukachagua?" Dresa akauliza, ingawa anajua.

"Mwavuli."

"Mvua ilikuwa inanyesha?"

"Kulikuwa jua kali."

Dresa hucheka kila mara. Mimi nilicheka mara ya kwanza tu. Nilijua kwa nini alichagua mwavuli, kwa sababu ningekuwa mimi ningechagua kitu kidogo kuliko mwavuli.

Kwa Katekista, kitu kizuri kilichomo nyumbani mwa mtu hakiombwi. Hilo wengi hapa bondeni wanalishika. Lakini yeye alikwenda mbele zaidi. Kukisifu pia ni kukiomba, aliniambia, kwa sababu ukimsifia mtu jogoo wake, mtu mwenye adabu atakufungia jogoo. Na kukitazama sana ni kukisifu. Kwa hiyo njia ya heshima ni kutokukitazama. Unakaa, unakula ulichopewa, unauliza habari za mvua na za wagonjwa, unaondoka, na kitu kinabaki kwa mwenyewe mpaka mwenyewe aone moyoni mwake kwamba akutolee. Hivyo ndivyo alivyoishi. Hata msibani, hapahapa Kibaoni, aliwahi kukuta bunduki ya kale wameifanya komeo la mlango. Alikaa nao kwenye matanga mpaka mwisho ameupa mgongo mlango ule, akajiambia atarudi watu wakishatulia. Aliporudi, kijana mmoja wa marehemu alikuwa ameondoka nayo kwenda Kilosa.

Nilimuuliza kama huwa anajuta. Akasema, "Kila nikilala." Kisha akasema hajui kama anajutia bunduki au anajutia ule ulimi wake.

Lakini hao wote ni marehemu wadogo. Mkubwa alikuwa bado hai, na alikuwa Mofu.

Bunduki ya Mofu ilikuwa ya mvuvi mmoja mwenye shamba la mpunga karibu na mto, aliyeipata kwa baba yake, naye baba yake aliachiwa na Mdachi aliyekuwa akikimbia vita. Mtutu wake ulikuwa na pande nane. Haikuwa na mshikio wa kuvuta kama nyingine. Kile chuma kinachokinga kidole ndicho chenyewe ulichokishusha chini, na springi ikajikaza ndani bila kelele. Kitakoni, pale kiganja kinaposhika, fundi alikuwa amechonga vialama kama magamba ya samaki. Dresa anaapa kwamba hakuna nyingine ya namna hiyo kuanzia hapa mpaka Mahenge. Katekista aliiona alipokwenda Mofu kubatizisha watoto, akiwa bado kijana. Tangu hapo kila mwaka, mavuno yakiisha, alikwenda Mofu kumsalimia mvuvi. Alipeleka chumvi na sabuni, akalala usiku mmoja, akarudi na samaki wakavu. Kuhusu bunduki hakusema neno hata mara moja.

Mvuvi alifariki mvua za mwaka huu, njia ya Mofu ikiwa maji matupu, na Katekista hakuweza kufika mazikoni. Nilipofunga shule na kurudi nyumbani nilimkuta amekonda. Alikuwa anangoja njia ikauke, akangoja matanga yaondolewe, akangoja mavuno. Dresa alimwambia wazi, nikisikia, kwamba safari hii akingoja tena bunduki itakwenda, na kwamba macho yake hayatangoja. Wiki iliyopita akaja kwetu mwenyewe kumwomba mama anikubalie nimsindikize, kwa sababu njiani hawezi tena kutofautisha shimo na kivuli. Mama alishangaa. Aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake ndiyo mara ya kwanza kumsikia Katekista akiomba kitu.

Tulipanda lori Ijumaa, tukashuka njiani na kwenda kwa miguu hadi Mofu. Mjane wa mvuvi alikuwa anaanika mpunga. Alipomwona Katekista akalia kidogo, naye akalia kidogo, wakakaa. Tukaletewa maji, kisha wali na perege. Habari za mvua zikaulizwa, na za wagonjwa. Nilimwona Katekista amekaa ameupa mgongo ukuta wa ndani, kama kawaida yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimeuelekea ukuta ule. Palikuwa na vigingi viwili na alama nyeupe ya kitu kirefu. Bunduki haikuwapo. Nilitaka kumwambia, nikashindwa.

Mjane ndiye aliyeninusuru. Aliinua macho kutoka kwenye ungo wake akasema, "Katekista, geuka utazame. Leo huna wa kumwonea haya."

Akageuka. Sijui aliona nini kwa macho yale, lakini vigingi vitupu aliviona.

Mjane akamweleza. Ndugu walipogawana vitu vya marehemu, bunduki ilimwangukia shemeji yake wa Mchombe. Shemeji hana habari nayo. Alisema kitako chake ni mti mgumu, kitafaa mpini wa jembe, na mtutu atampelekea mhunzi. Kama hajaivunja, basi ataivunja karibuni. Kisha akasema lile ambalo naliandika kama nilivyolisikia.

"Ungekuja siku yoyote ukasema neno moja, ungepewa. Mume wangu alikuwa anaihamisha kila ukija. Mwaka huu juu ya mlango, mwaka ule kwenye nguzo, uione. Mara moja aliilaza juu ya kitanda ulichotandikiwa. Ukaishusha chini, ukalala."

"Nilidhani imesahauliwa pale," Katekista alisema.

"Aliisugua mchana kutwa kabla hujafika."

"Kwa nini asinipe?"

"Akupe kitu ambacho hata hukitazami? Alidhani unaidharau. Ulikuwa ukiondoka, ananuna mpaka kesho yake."

Katekista alinyoosha mkono akachukua kipande cha perege kilichobaki kwenye sahani, akakishika tu, hakukila. Baadaye mjane alimuuliza kama angependa kupelekwa kaburini, ni hapo nyuma ya migomba. Akasema miguu imechoka. Sikuwahi kumsikia Katekista akikataa kuombea maiti, na mjane naye akarudi kwenye mpunga wake.

Jumamosi alfajiri tukaondoka kwenda Mchombe. Alitembea mbele yangu, yeye asiyeona vizuri, nami nikikimbia nyuma kumwambia hapa kuna maji, hapa kuna kisiki.

Shemeji tulimkuta uwanjani kwake akipura mpunga, mtu mnene, mcheshi, mdogo kwa Katekista. Aliacha kazi, akapangusa mikono, akamwambia shikamoo. Kwa desturi hapo ndipo mambo yanapoanza: marahaba, habari za Ifakara, kigoda, maji. Katekista alisema marahaba, na bila kuvuta pumzi akaendelea.

"Nimekuja kuomba bunduki ya marehemu kaka yako."

Niliinamisha kichwa. Nilitamani nifunikwe na yale makapi. Shemeji alibaki ameduwaa.

"Katekista, hata maji hujanywa."

"Nikinywa maji nitaanza kuona haya. Naiomba. Nimeitaka tangu nikiwa kijana na sikumwambia kaka yako. Naiomba kwako."

Shemeji alinitazama mimi, kama kuniuliza kama mzee ni mgonjwa. Kisha akacheka, lakini kicheko kizuri, akaingia ndani. Alitoka na chuma peke yake: mtutu wenye pande nane, na kisanduku cha springi, na kile chuma cha kukinga kidole. Kitako hakikuwapo. Alisema alikwisha kukitumia, na akaonyesha kwa kidevu jembe lililoegemea ukuta.

Nilidhani ndiyo mwisho. Katekista alilisogelea jembe, akapapasa mpini kutoka chini kwenda juu, na karibu na mwisho vidole vyake vikasimama. Vile vialama vya magamba ya samaki vilikuwapo bado.

"Na mpini huu nauomba."

"Nalilimia jembe hilo, babu."

"Najua unalilimia. Nauomba."

Sasa shemeji alicheka mpaka watoto wake wakaja kutazama. Alimwambia Katekista kwamba amesikia habari zake kwa kaka yake, kwamba ni mtu ambaye ukimpa kiti husimama, basi leo kapatwa na nini. Alichukua jembe, akaligonga kisogo chake kwenye kisiki mara kadhaa mpaka chuma kikachomoka, akamkabidhi ule mti. Alisema mipini iko mingi porini. Ndipo Katekista alipokaa, akanywa maji, akanywa mengi.

Tulilala Mchombe, leo alfajiri tukasali kigangoni, tukapata lori la mpunga linalorudi Ifakara. Katekista alikaa juu ya magunia, chuma amekipakata, mti ameuegemeza begani. Utingo alimuuliza amebeba nini, akajibu kwa sauti ya kawaida kwamba ni bunduki ya rafiki yake. Sikuwahi kumsikia akimwita yule mvuvi rafiki. Siku zote alikuwa "mwenye bunduki ya Mofu."

Tulipopita daraja la kwanza aliniinamia sikioni kwa ajili ya kelele za injini.

"Ni nyepesi, mjukuu wangu."

Nikasema kweli, nikadhani anaisifu.

"Nilidhani ni nzito zaidi. Miaka yote hii nilidhani ni nzito zaidi."

Mashamba ya Kibaoni yakaanza kuonekana. Kabla hatujashuka alisema kwamba lori hili hili linarudi kesho asubuhi kuchukua mpunga mwingine, naye amekwisha kusema na dereva. Nikamuuliza anakwenda wapi tena, na bunduki anayo.

"Mofu," alisema. "Miaka yote nilikuwa nakwenda kule nikisingizia salamu. Kesho nakwenda kusalimia."

Sasa mama ananiita kwa sauti ile ya mwisho, na maji yamepoa. Naacha hapa.

Jumatatu. Naongeza kidogo tu. Leo asubuhi niliamka kabla ya mama, nikachemsha viazi, nikavifunga kwenye jani la mgomba, nikamsindikiza Katekista hadi lori linaposimama. Bunduki aliiacha nyumbani, vipande vyote kitandani mwake. Mkononi alikuwa na chumvi na sabuni, na utingo alikuwa ameahidi kushuka naye amfikishe Mofu kwa miguu. Dereva alikuwa amekwisha kujaza wanunuzi wa mpunga mbele, na Katekista akasimama chini akingoja waone wenyewe kwamba ni mzee. Nami nikasogea dirishani nikamwambia dereva, "Naomba babu akae mbele."